Mkopo wa chuo: karatasi za kutafuta kabla dirisha la maombi halijafunguliwa

Kila mwaka wapo vijana wenye shida ya kweli wanaokosa mkopo wa Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu (HESLB), au wanaambulia kiasi kidogo, kwa sababu ya karatasi moja tu. Mfumo haumwoni mama anayeuza vitumbua wala nyumba inayovuja. Unasoma kilichoambatishwa.

Yatima ndio wanaokwama zaidi. Kuandika kwamba baba amefariki hakutoshi: kinatakiwa cheti cha kifo kilichohakikiwa na RITA, wakala wa serikali unaosajili vizazi na vifo Tanzania Bara, au na ZCSRA, wakala wa usajili wa Zanzibar, kwa waliosajiliwa huko. Sasa mzee alifia kijijini miaka kumi iliyopita, akazikwa, na hakuna aliyekwenda kusajili. Kibali cha mazishi si cheti. Usajili uliochelewa una safari zake, kwa mtendaji wa kijiji na ofisi ya wilaya, na unaweza kula wiki nyingi. Anayesubiri matokeo ya kidato cha sita ndipo aanze kuhangaika huwa ameshachelewa. Aanze akiwa bado shuleni.

Cheti cha kuzaliwa nacho huhakikiwa. Kilinganishe na cheti cha kidato cha nne herufi kwa herufi. «Mohamed» kwenye kimoja na «Mohammed» kwenye kingine inatosha kuleta usumbufu.

Kuna kosa jingine linaloumiza sana. Kijana amesoma shule binafsi ya ada kubwa, lakini aliyelipa ni kanisa, msikiti au shirika. Asipoambatisha barua ya mfadhili, atahesabiwa kuwa mtoto wa familia iliyomudu ada ile. Barua hiyo ichukuliwe mapema, kabla wahusika hawajahama. Kaya iliyo kwenye mpango wa TASAF, mfuko wa serikali unaosaidia kaya maskini, iwe na namba yake mkononi, na mwenye ulemavu, au mwenye mzazi mlemavu, apate fomu iliyothibitishwa na mganga mkuu wa wilaya au mkoa.

Maombi yenyewe hufanyika mtandaoni kwa namba ya mtihani wa kidato cha nne, na namba hiyohiyo ndiyo itumike kuomba chuo. Namba mbili tofauti huufanya mfumo ushindwe kuoanisha mkopo na udahili. Ukishalipia kwa namba ya malipo, chapisha fomu, isainiwe na mwombaji na mdhamini, ipigwe mihuri ya serikali ya mtaa au kijiji na ya wakili au hakimu, kisha ndipo uipakie. Muhuri uliofifia au ukurasa uliopigwa picha gizani hurudishwa. Kwa hiyo baada ya kutuma usiitupe nywila: ingia kwenye akaunti yako kila wiki, kwa sababu muda wa kusahihisha huwa mfupi. Nywila hiyo usimwachie mtu wa steshenari.

Ukipangiwa kidogo, lipo dirisha la rufaa. Rufaa ya kueleza shida zilezile haina nguvu. Weka ushahidi ambao haukuwepo mwanzo.

Na familia ijue kwamba fedha za chakula na malazi haziingii siku kijana anaposhuka kwenye basi. Lazima kwanza asajiliwe chuoni na asaini. Nauli, bima ya afya na chakula cha wiki mbili tatu za mwanzo vitafutwe nyumbani, hata kwa kuchangishana ukoo.