Je, Wajua? Wali na Maharage Si Lazima Vikutane Katika Sahani Moja

Je, wajua kwamba mtu asiyekula nyama halazimiki kuchanganya nafaka na jamii ya kunde katika mlo uleule ili apate protini ya kutosha? Mimi sikujua, na wifi yangu, aliyeacha nyama na samaki, aliulipia ujinga huo kila alipotutembelea. Asubuhi alikunywa uji, mchana alikula wali na mchicha, na choroko zake alizila usiku akisharudi kwake. Nami, mbele ya wageni, nilimsisitiza aongeze maharage palepale kwenye wali, kwa maelezo kwamba protini ya mchele ikiwa peke yake haihesabiki. Hata jina la kumwita lilitusumbua, kwa maana katika nyumba ambamo swali la "leo mboga ni nini?" huweza kujibiwa "nyama ya ng'ombe", kumwita mtu mla mboga ni kutosema lolote.

Dhana niliyoishikilia ina asili ya heshima. Mwaka 1914 Thomas Osborne na Lafayette Mendel, watafiti wa Marekani, waliwalisha panya aina moja tu ya protini, zeini itokayo kwenye mahindi. Panya walikonda, walipoongezewa triptofani, mojawapo ya asidi amino, yaani vipande vinavyounda protini, uzito wao ulisimama, na walipoongezewa na laisini pia, asidi amino nyingine, walianza kukua. Mwaka 1971 mwandishi wa Marekani Frances Moore Lappé, katika kitabu chake Diet for a Small Planet, aliwafundisha wasomaji kupanga vyakula vya mimea ili kimoja kizibe pengo la kingine katika mlo mmoja. Toleo la 1981 lilikuja na masahihisho yake mwenyewe: katika kupinga imani kwamba nyama pekee ndiyo yenye protini bora, alikuwa amejenga imani nyingine isiyo sahihi. Masahihisho hayo, kama ilivyo kawaida ya masahihisho, hayakusafiri mbali kama kosa.

Kosa lenyewe liko wapi? Protini ifikiriwe kuwa mkufu wa shanga za rangi 20, kila rangi ikiwa aina moja ya asidi amino. Rangi 11 mwili huzitengeneza wenyewe, na 9 zilizobaki sharti ziletwe na chakula. Tumbo na utumbo hukata uzi, shanga zikamwagika, kisha mwili ukatunga mikufu yake upya kwa mpangilio unaoutaka. Ikiwa kila mkufu unahitaji shanga nyekundu kadhaa na nyekundu zimekwisha, kazi husimama hata kama rangi nyingine zimejaa tele. Laisini ndiyo nyekundu yetu: katika mahindi na mchele ni chache, katika maharage ni nyingi. Maharage nayo yana upungufu wa rangi nyingine, methionini, ambayo nafaka inayo ya kutosha. Hadi hapo nilikuwa sahihi.

Nilipopotoka ni kudhani kwamba mtungaji hana kikapu, yaani kila mlo unapokwisha hufagia shanga zilizobaki na kuzitupa nje. Kikapu anacho. Tena, mchana kutwa hukata mikufu mikuukuu na kuzitumia upya shanga zake: mwili wa mtu mzima hubomoa na kujenga protini ya gramu 250 hadi 300 kwa siku, kiasi kinachozidi mara kadhaa protini inayoingia kwa chakula. Zaidi ya hayo, juisi za mmeng'enyo na seli zinazobambuka kwenye ukuta wa utumbo ni protini pia, nazo humeng'enywa pamoja na chakula, hivi kwamba hata sahani ya wali mtupu hufyonzwa ikiwa imechanganyika na shanga ambazo mchele haukuzileta. Nakiri kwamba jambo hili la mtu kujimeng'enya kidogo kidogo kila siku, bila kulisikia, lilinifurahisha kuliko yote niliyosoma.

Hata hivyo kikapu si ghala. Shanga zinazozidi huchomwa kama kuni na mabaki yake hutoka kwa mkojo, ndiyo maana ushauri wa wataalamu huzungumzia vyakula mbalimbali ndani ya siku, wala si ndani ya mwezi. Hesabu nayo haikwepeki. Mtu mzima wa kilo 60 huhitaji takribani gramu 50 za protini kwa siku, zikiwemo gramu 1.8 za laisini. Unga wa mahindi gramu 400 humpa karibu gramu 1 tu ya laisini, ilhali maharage makavu gramu 100 huongeza kama gramu 1.5, yawe yameliwa mchana au usiku. Anayekula ugali na mchuzi wa nyanya siku nenda siku rudi kwa kukosa uwezo ana upungufu wa kweli, na mtoto mdogo anayelishwa uji mtupu yuko hatarini zaidi, kwa sababu tumbo lake halina nafasi ya kufidia ubora kwa wingi. Vitamini B12 ni suala jingine kabisa, kwa kuwa mimea haiaminiki kuwa chanzo chake. Wifi yangu hunywa maziwa na hula mayai, lakini anayeacha hivyo pia huhitaji vidonge au vyakula vilivyoongezwa vitamini hiyo.

Jambo la ajabu ni kwamba vyakula vya mimea tunavyokula kila siku vina rangi zote 9, hata kama baadhi ni kwa uchache. Protini maarufu isiyo na mojawapo hata chembe ni jelatini, ambayo haina triptofani, na asili yake ni mifupa na ngozi za wanyama zilizochemshwa. Nilipomweleza wifi hayo kwa njia ya kumwomba radhi, alicheka, kisha akaniambia sababu iliyomfanya ayaache maharage yangu miaka yote hiyo: alikuwa amenikuta jikoni, ziara yake ya kwanza, nikiyamiminia supu ya mifupa ili yapate nguvu.