Kilimia kwenye kompyuta: dhana potofu na ukweli kuhusu kusafisha picha za nyota

"Hizo rangi zimetiwa na kompyuta." Dhana hii huzuka mtu anapofungua picha mbichi ya Kilimia, lile kundi la nyota, iliyopigwa kwa sekunde 60, akaona giza na vitone vichache vyeupe, kisha akaonyeshwa picha iliyokamilika yenye ukungu wa buluu. Ukungu huo ni vumbi linaloakisi mwanga wa nyota zenyewe, nao ulikuwemo ndani ya faili tangu mwanzo. Kihisi cha kamera huandika mwanga kwa uwiano ulionyooka, mwanga ukiongezeka maradufu namba nayo ikiongezeka maradufu, kwa hiyo vitu hafifu vyote hubanana upande wa kushoto wa histogramu (grafu inayoonyesha ni pikseli ngapi zina mwangaza wa kiasi gani), karibu kabisa na weusi. Kuutanua upande huo ni kulipatia jicho nafasi ya kuona kilichorekodiwa. Anayechukua brashi na kupaka ukungu mahali usipokuwepo, huyo ndiye anayedanganya.

Wengi huamini pia kwamba kurundika picha nyingi huongeza mwangaza. Mwangaza haubadiliki: programu huzilinganisha nyota ili zikae mahali pamoja, kisha hutafuta wastani wa kila pikseli. Mwanga wa vumbi unajirudia katika kila picha, ilhali chenga, yaani vitone vya ovyo vinavyoichafua picha, hurukaruka, hivyo wastani huzipunguza. Chenga hupungua kwa kipeuo cha pili cha idadi ya picha: picha 16 huzipunguza mara 4, na picha 64 mara 8. Faida ya pembeni ni kwamba mstari wa setilaiti uliotokea katika picha moja tu hutambuliwa kuwa mgeni na kutupwa.

Dhana inayowagharimu wanaoanza kuliko zote ni kwamba vumbi lililotua kwenye kihisi na pembe zenye kiza vitarekebishwa baadaye kwa mkono. Mimi nami niliamini hivyo, nikapoteza jioni mbili nikifukuza duara moja la kijivu lililokaa juu ya ukungu wenyewe, na kila nilipolipaka, ukungu nao ulikwenda. Dawa yake ni picha za usawa: fulana nyeupe inakazwa mdomoni mwa lenzi, kamera inaelekezwa kwenye anga la alfajiri, na picha 20 au 30 zinapigwa bila kugusa fokasi wala kuizungusha kamera. Programu hugawanya kila picha ya nyota kwa wastani wa hizo, na duara linatoweka bila kugusa ukungu. Picha za giza, zinazopigwa kifuniko kikiwa kimefungwa ili kunasa chenga za kamera yenyewe na kuziondoa, zina sharti lake: muda, ISO (kiwango cha usikivu wa kamera kwa mwanga) na joto vilingane na vya picha za nyota. Anayezipiga mchana sebuleni anapunguza chenga za sebule.

Kuna wanaodhani kwamba mpangilio wa hatua ni hiari ya mtu. Mwanga wa mji uliopanda upande mmoja wa picha huondolewa kabla ya kutanua histogramu, kwa sababu baada ya hapo uwiano ule ulionyooka umeshavunjika. Rangi nazo hupimwa wakati huohuo. Programu ya Siril, kwa mfano, hulinganisha rangi za nyota zilizomo na zile za katalogi ya nyota. Unapoondoa mwanga wa mji na kuiwekea programu alama za kuonyesha anga tupu, usiweke hata moja karibu na Kilimia, maana programu itadhani vumbi ni taa za mji na itakuondolea kile ulichokikeshea.

Halafu kuna dhana kwamba anga lazima liwe jeusi kama makaa. Usiku uliopigwa picha una kijivu chake, na kilima cha histogramu kinapaswa kusimama mbali kidogo na ukuta wa kushoto. Ukikisukumia ukutani, kingo za ukungu hukatika, na hazirudi.

Ama kuhusu gharama, programu za Siril, DeepSkyStacker na GIMP ni za bure, na zinamtosha anayeanza. Kinachokosekana kwa kawaida ni nafasi kwenye diski: picha 64 za kamera ya megapikseli 24 zinaweza kuzaa mafaili ya muda ya gigabaiti makumi kazi ikiendelea. Yafute hayo, lakini mrundiko wenyewe usiuhifadhi kwa JPEG peke yake, kwa kuwa JPEG ina ngazi 256 tu kwa kila rangi, wakati faili mbichi la biti 14 lina 16,384.