Eti kamera haibagui? Tunayoyaamini kuhusu picha na sura zetu

Kila picha ikizua kelele mitandaoni lazima atokee mtu aseme jamani tulieni, kamera inapiga kilichopo mbele yake, nyie mnapenda tu kulalamika. Hii kauli inaniudhi kwelikweli maana inafunga mjadala kabla haujaanza, kwahiyo ngoja tuzipitie hizi dhana.

"Kamera ni mashine, haijui mweusi wala mweupe"

Ni mashine ndio, lakini imetengenezwa na watu, na hao watu walikua na sura fulani kichwani. Enzi za filamu za kamera za kampuni ya Kodak mafundi wa maabara walikua wanapima rangi kwa kutumia kadi yenye picha ya mwanamke mzungu, kadi hizo zikaitwa Shirley, yaani ngozi ya Shirley ikitoka vizuri basi mitambo imekaa sawa. Ndo maana kwenye picha nyingi za zamani za darasa lenye watoto weupe na weusi, mweupe unamuona vizuri ila mweusi unaona macho na meno. Na kinachouma ni kwamba miaka ya 1970 moja ya mambo yaliyoisukuma kampuni kurekebisha rangi za kahawia ni malalamiko ya watengeneza chokoleti na fanicha, kwamba bidhaa zao hazitoki vizuri kwenye picha.

Na usiseme hayo ni ya kale. Mwaka 2018 watafiti Joy Buolamwini na Timnit Gebru walipima programu za kutambua sura za makampuni matatu, wakakuta kwa wanawake wenye ngozi nyeusi kosa la kutaja jinsia lilifika hadi asilimia 34.7, wanaume weupe hata asilimia 1 halikufika.

"Kukata picha ni ufundi tu"

Januari 2020, Davos, Uswisi. Vanessa Nakate wa Uganda anapigwa picha akiwa pamoja na wanaharakati wenzake wanne wa tabianchi akiwemo Greta Thunberg, wote wasichana, wanne wazungu na yeye peke yake Mwafrika, amesimama pembeni kabisa kushoto. Picha ikatoka kupitia shirika la habari la AP la Marekani na Nakate hayumo, amekatwa, wamebaki wanne. Maelezo ya mwanzo yalikua kwamba mpiga picha aliona jengo lililokua nyuma ya Nakate linaharibu muonekano. Mimi sina shida kuamini kwamba jengo lilimkera kweli, na hapo ndo penyewe, kwamba mtu anaweza kuangalia picha ile akaona jengo, asione kwamba anamtoa mtu pekee aliyetoka bara linaloumizwa na ukame na mafuriko kuliko mchango wake kwenye huo uchafuzi. Nakate mwenyewe akawaandikia kwamba hawajafuta picha tu, wamefuta bara zima. AP wakarudisha picha kamili na mhariri wao mkuu akaomba radhi, ila siku hizohizo shirika lingine lilikua limemtaja kwa jina la binti mwingine kabisa, wa Zambia. Mmoja kamkata, mwingine kamchanganya.

"Kurekebisha picha ya kava ni urembo, kila staa anafanyiwa"

Novemba 2017 Lupita Nyong'o alikuta kwenye kava la jarida la Grazia la Uingereza nywele zake za asili za nyuma zimefutwa na zilizobaki zimelainishwa. Akaweka picha halisi hadharani, na mpiga picha akaomba radhi. Kufuta chunusi na kufuta nywele za mtu havifanani hata kidogo, hasa kwa wasichana wetu ambao wameshaambiwa sana kwamba kipilipili ni uchafu.

"Siku hizi wanawake wamejaa kwenye media"

Watangazaji labda. Lakini wanaozungumziwa na wanaohojiwa kwenye habari, utafiti wa GMMP, unaopima habari za nchi nyingi duniani na kufanyika kila baada ya miaka mitano, ulikuta wanawake ni asilimia 17 mwaka 1995, na 2020 ni asilimia 25. Robo tu, miaka 25 yote hiyo.

"Vyombo vikubwa vina sheria moja kwa maiti wote"

Januari 15, 2019, hoteli ya DusitD2 Nairobi inashambuliwa, wakafa watu 21. Gazeti la Marekani la New York Times likachapisha picha ya watu waliouawa wakiwa mezani, wamelalia meza, siku ileile, familia bado zinahangaika kupiga simu kutafuta ndugu zao. Wakenya wakawaka, Baraza la Habari la Kenya likaingilia, gazeti likajibu kwamba linafanya hivyohivyo popote duniani na picha halikuiondoa. Wakenya wakauliza swali ambalo mpaka leo sijaona limejibiwa vizuri: ni lini mara ya mwisho mliweka maiti za Wamarekani namna ile baada ya shule kupigwa risasi? Mama wa Nairobi naye alikua na haki ya kuambiwa kwanza na watu wake, kabla ya kumuona mwanae gazetini.