Haleki: tende za Pasaka ya Kiyahudi, bila unga hata chembe

Pasaka ya Kiyahudi ikikaribia huagizwa haroseti, rojo tamu la sikukuu hiyo, nami hurudi kwenye ile ya Wayahudi wa Iraki: haleki, yaani asali ya tende iliyonyunyiziwa jozi. Wenzao wa Ulaya ya Mashariki hutumia matufaha, jozi, mdalasini na divai tamu. Tamu, sikatai. Ila haroseti hukumbusha udongo waliokanda Waisraeli utumwani Misri, na kwa rangi ya udongo tende haina mpinzani.

Kilo moja ya tende laini, toa kokwa, loweka usiku kucha kwenye lita mbili za maji. Asubuhi chemsha kwa moto mdogo muda wa saa moja, acha ipoe, kisha chuja kwa shashi. Kazi iko hapo. Kamua kidogo kidogo. Ukiijaza shashi, makapi yatapenya na asali itakuwa na chengachenga. Maji yake yarudishe motoni bila kifuniko, ukiengua povu. Yakikaribia nusu lita, mapovu huwa makubwa na kupasuka kivivu kama ya uji mzito. Usiuachie mwiko sasa, chini huungua haraka. Dondosha tone kwenye sahani baridi: likitulia bila kutiririka, epua. Ikipoa itazidi kuwa nzito.

Mwaka wangu wa kwanza nilichujia kitambaa safi, kimefuliwa, kumbe ndicho nilichokuwa nikifunikia kinyunga cha mkate. Mama mwenye nyumba akaniuliza kwa upole, “Hiki kimewahi kugusa unga?” Sufuria nzima haikufika mezani. Chachu ya ngano, shayiri na jamii zake ni marufuku siku zote za Pasaka, hata chembe. Siku hizi natumia shashi mpya, na sufuria ya Pasaka haipikiwi kingine. Ukinunua asali ya chupa, tafuta muhuri unaothibitisha kuwa inafaa kwa Pasaka.

Jozi zikatekate kwa kisu, usizisage, na unyunyizie dakika ya mwisho. Zikilala humo hulegea. Katika Talmudi, kitabu cha mafundisho ya marabi wa kale, rabi Abaye anataka haroseti iwe nzito na yenye ukali kidogo, kwa hiyo mimi hukamulia nusu ndimu. Mabibi wa Kibaghdadi hunicheka.

Usiku wa Sederi, mlo wa ibada wa Pasaka, mboga chungu huchovywa kwenye haroseti, kisha mboga hiyo hubanwa kati ya vipande vya matza, mkate usiotiwa chachu, kwa kumbukumbu ya Hillel, mwalimu wa kale wa Kiyahudi. Inayobaki huliwa na matza asubuhi, kama ipo.