"Iko ndani" si jibu

Juzi nimeletewa tena mchoro wa mtandao wa kampuni wenye mstari mwekundu, yaani ukuta wa ulinzi (faiawoli), uliozunguka seva zote, na juu yake neno moja: NDANI. Nikauliza mbona hifadhidata ya mishahara inafunguka kwa nywila peke yake. "Iko ndani." Mbona data inapita kutoka programu hadi hifadhidata bila kusimbwa? "Iko ndani." Nimechoka. Ndani ya nini? Mimi ni wa zero trust: hakuna anayeaminiwa kwa kuwa tu yuko ndani.

Waliowadukua Target, maduka makubwa ya Marekani, mwaka 2013 waliingia kwa nywila iliyoibwa kwa mkandarasi wa majokofu, mtu aliyepewa ruhusa kihalali kabisa. Kutoka hapo wakasogea mpaka kwenye mashine za malipo, wakaondoka na data za kadi milioni 40. Majokofu na kadi za wateja! Kwenye mchoro wangu hao hawana hata sababu ya kufahamiana.

Kuna wanaonijibu kwamba dawa ni kusasisha mashine. Sasisha, sibishani. Ila NotPetya, programu haribifu ya Juni 2017, ilianzia kwenye sasisho lenyewe, la M.E.Doc, programu ya kodi iliyotumika sana Ukraine. Tundu la Windows ililotumia kusambaa, Microsoft walishaliziba tangu Machi. Haikujali. Ilichota nywila kwenye kumbukumbu ya mashine moja, kisha ikaingia nazo kwenye zile zilizosasishwa, kama mfanyakazi yeyote anayewahi kazini. Maersk, kampuni ya meli za mizigo, walisimika upya seva 4,000 na kompyuta 45,000. Seva yao ya saraka ya watumiaji (inayotunza akaunti za wote) iliyosalimika ilikuwa ya Ghana, na ilisalimika kwa kuwa umeme ulikuwa umekatika. Sijui alama ya umeme kukatika huchorwaje kwenye usanifu.

Mstari mwekundu unauliza pakiti, yaani kipande cha data, imetoka wapi. Mimi nataka kujua akaunti ipi inaomba nini, hasa akaunti za huduma, zile ambazo programu huongea kwazo na programu nyingine. Nywila ya akaunti kama hiyo haijaguswa tangu mradi uanze, ina haki za msimamizi "kwa muda tu", na aliyeifungua alishaacha kazi. Akaunti ya bakapu (nakala za akiba) ndiyo inayoninyima usingizi: inasoma kila seva, na mara nyingi inaweza kuandika pia. Mwizi akiipata hana haja ya kutafuta mlango mwingine, na bakapu uliyoitegemea ikuokoe anaifuta yeye kwanza. Nikipewa saa moja ya kukagua mfumo, faiawoli siigusi. Naomba orodha ya akaunti hizo, halafu nahesabu dakika mpaka mtu aseme "tutakutumia".

Na hapana, hakuna boksi la zero trust la kununua. Waraka wa NIST, taasisi ya viwango ya Marekani, wa 2020, SP 800-207, unaeleza kanuni zake. Boksi ni la muuzaji.

Sasa aibu yangu. Nimewahi kugawa mtandao vipande vipande vizuri sana, na baada ya miezi kadhaa orodha ya misamaha (ruhusa za kupita kanuni) ikawa ndefu kuliko kanuni zenyewe. Mingine niliisaini mwenyewe, Ijumaa jioni, mfumo umelala na simu hazikomi. Je, ulikuwa salama kuliko mwanzo? Naamini hivyo, ila ukinitaka ushahidi sina. Na ile mifumo mizee isiyojua kumtambua mtu ila kwa anwani ya IP (namba ya mashine kwenye mtandao), bado sijaipatia dawa. Naiweka nyuma ya seva ya kati, kisha naizungushia mstari. Ndiyo, mwekundu.