Kijana wa sukari akiacha sindano

"Huyu mkaidi tu, hataki sindano." Kauli hii utaisikia Unguja na Pemba, na katika kauli zote zinazosemwa juu ya vijana wenye kisukari ndiyo inayoniuma zaidi. Mwenye kisukari aina ya kwanza hana likizo: ajidunge insulini kila siku, atoboe kidole, apime anachokula, na akiwa skuli ajifiche chooni wenzake wasimuone. Mwisho huchoka. Fungua daftari lake la vipimo siku ya kliniki: namba za mwezi mzima zina wino mmoja na mwandiko mmoja. Kaziandika jana usiku kwa kuogopa kugombezwa. Mtoto huyo kaelemewa, na huenda ana sonona, yaani maradhi ya huzuni nzito isiyoondoka, ambayo tafiti zinaonesha huwapata wenye kisukari karibu mara mbili kuliko wasio nacho. Ukali hauisaidii. Nayo insulini ikiachwa, sumu ya ketoni hujaa kwenye damu: kiu kali, kutapika, kuhema kwa nguvu. Hapo ni hospitali saa hiyohiyo.

"Kachezewa, ana shetani." Akitetemeka, akitoka jasho na kusema ovyo, mpime sukari kwanza, huenda imeshuka. Ikiwa chini ya 4 (mmol/L), mpe maji ya sukari, maadamu anaweza kumeza. Kisukari hiki hutokana na kinga ya mwili kuziharibu seli za kongosho zinazotengeneza insulini. Kisomo kisomwe, na sindano iendelee.

"Ni mtihani wa Mungu, asubiri." Subira haikatazi tiba. Sonona hutibika kwa mazungumzo na mtaalamu, na pengine kwa dawa. Akipata nafuu ya moyo, hupata na nguvu ya kujihudumia.

"Kidongo Chekundu ni kwa wendawazimu." Aibu hii ya kwenda hospitali ya maradhi ya akili ya hapa Unguja imewachelewesha wengi. Kama jina hilo linawatisha nyumbani, anzeni kwa muuguzi wa kliniki ya sukari: mwambieni kijana hapati usingizi, hataki kula, hacheki tena, wiki mbili sasa.

"Ukimuuliza kama anataka kufa, utamtia wazo hilo." Si kweli, utafiti umeshalipima jambo hili. Muulize waziwazi, mkiwa wawili: "Mwanangu, umewahi kufikiria kujiua?" Akisema ndiyo, msikilize bila kumkemea wala kumwacha peke yake. Insulini ishikwe na mtu mzima anayempa kipimo chake kwa wakati wake, na siku hiyohiyo apelekwe hospitali, wewe ukiwa naye.