Kabla Hujaniambia Ni Katuni Gani Ilidhulumiwa Oscar

Kazi yangu ni uhuishaji, yaani kuifanya michoro isogee: asubuhi nafundisha, jioni nawatengenezea wateja. Kila mwaka Oscar zikishatangazwa najua wiki hiyo darasani hatutasoma kitu, tutabishana. Ubishi wenyewe naupenda. Kinachonichosha ni hoja ile ile kurudi kila mwaka kama haijawahi kujibiwa, tena midomoni mwa watu niliokwisha kuwajibu.

Machi 2025 Flow, katuni ya paka, ilipochukua Oscar ya katuni bora na kuzibwaga The Wild Robot, Inside Out 2 na nyingine mbili, mwanafunzi wangu mmoja aliingia darasani akaanza hata mkoba hajautua: “Mwalimu, paka mwenyewe hana hata manyoya ya maana! Wametupiga!”

Haya, tuanze na hayo manyoya.

Dhana: kadiri picha inavyokaribia uhalisia, ndivyo katuni inavyokuwa bora

Hii ndiyo inayonipandisha presha. Naisikia kwa wanafunzi, naisikia kwa wateja (“ongeza nywele, ngozi ionekane na vinyweleo”), naisikia hata kwa watu wanaoandika uhakiki. Wanaitazama katuni kama mtu aliyeingia dukani kununua televisheni.

Manyoya ya unywele mmoja mmoja, maji yanayomeremeta, vumbi linaloelea kwenye mwanga: hiyo ni kazi kubwa na siidharau hata kidogo. Ila ni kazi ya mafundi wa mwanga na wa sura ya vitu. Uhuishaji unaanza pale mhusika anapotakiwa kusogea. Anaanza lini? Anasita wapi? Uzito unatua mguu upi kwanza? Macho yanatangulia kichwa, au kichwa kinatangulia macho? Ukikosea hapo, umetengeneza maiti iliyovaa koti zuri.

Kama uhalisia ndio ungekuwa mzani, The Lion King ya 2019 ingezoa kila tuzo ya katuni duniani. Ukiondoa shoti moja ya mwanzo, ile ya jua likichomoza, filamu nzima ilitengenezwa kwenye kompyuta. Hakuna simba aliyesimama mbele ya kamera. Kwenye Oscar haikushindania kipengele cha katuni kabisa. Iliteuliwa kwenye madoido ya picha, na hata huko ikaangushwa na filamu ya vita iitwayo 1917. Golden Globe, tuzo nyingine za filamu za Marekani, ndio walioiteua kama katuni, ikashindwa na Missing Link, filamu ya vikaragosi vinavyosogezwa kwa mkono, fremu kwa fremu, yaani picha moja moja.

Ukitaka kuelewa ilikoangukia, tafuta ya 1994 uziweke pamoja, kisha utazame pale Simba anapomkuta baba yake hana uhai. Kwenye ile ya mchoro, mtoto anamvuta sikio, anajipenyeza chini ya mkono wake, na uso wake unafanya mambo ambayo uso wa simba hauwezi: nyusi zinapanda, mdomo unapinda kama wa mtoto anayezuia kilio. Simba wa porini hana nyusi za namna hiyo. Walioamua mwaka 2019 kwamba simba wao wafanane na wa porini walijifunga mikono wenyewe, halafu wakatakiwa waigize msiba. Waliohuisha filamu ile ni hodari kuliko mimi. Uamuzi wenyewe ndio uliowaponza.

Sasa rudi kwa paka wa Flow. Filamu imeongozwa na Gints Zilbalodis wa Latvia, na imetengenezwa kwa Blender, programu ya bure, ile ile iliyomo kwenye kompyuta za wanafunzi wangu wanaolalamika kwamba hawana vifaa. Bajeti yake ilikuwa takriban euro milioni 3.5, wakati Inside Out 2 iligharimu takriban dola milioni 200. Manyoya ya paka huyo yamepakwa kama kwa brashi, na ukisimamisha picha utaona mabaka ya rangi. Ni kweli. Lakini ni paka! Hatabasamu, hasemi neno, hakonyezi. Filamu nzima haina mazungumzo. Anapopanda mashua na kumkuta kapibara, mnyama mkubwa wa jamii ya panya, mfunike paka kwa kiganja, ubakishe masikio na mkia tu, uone kama hutajua anachowaza. (Sauti ya kapibara, kwa taarifa yako, ni ya mtoto wa ngamia. Ya kapibara mwenyewe haikumfaa mhusika. Nayo ni habari ya uhalisia hiyo.)

Na hapa ndipo hoja ya manyoya inapojikanyaga. Hata The Wild Robot, ambayo mwanafunzi wangu aliona imeonewa, iliukimbia uhalisia kwa makusudi. Mwongozaji wake Chris Sanders na wenzake walitaka msitu uonekane umechorwa kwa mkono, na manyoya ya mbweha wao ni mipigo ya brashi pia. Kwa hiyo filamu mbili zilizobishaniwa zaidi mwaka huo zilikuwa zimeshafika mahali mbishi hajafika.

Mfano wa mwisho kisha nakuacha. Spider-Man: Into the Spider-Verse, iliyoshinda 2019, ina kipande cha msituni ambapo kijana Miles anajifunza kuruka kwa utando huku Peter, Spider-Man mzoefu, akimwongoza. Filamu inaenda fremu 24 kwa sekunde. Peter anabadilika kila fremu. Miles anabadilika kila baada ya fremu mbili, yaani pozi 12 kwa sekunde, na ndiyo maana unahisi bado hajaiva hata kama huwezi kusema kwa nini. Niliwahi kujaribu mbinu hiyo kwenye tangazo la mteja. Akanirudishia kazi na ujumbe mmoja: “Video inakwama, angalia intaneti yako.”

Dawa yangu wanafunzi wananiigiza nayo sasa, lakini naitoa tena. Chagua sekunde kumi za filamu unayoitetea. Zima sauti. Bonyeza kitufe cha mshale, fremu moja baada ya nyingine, kuanzia mwanzo hadi mwisho. Hesabu pozi zinabadilika mara ngapi, na uandike mwili unafanya nini kabla ya tendo na baada ya tendo. Ni nusu saa ya kazi. Mtu aliyeifanya, nambishia kwa heshima zote.

Dhana: kompyuta ndiyo inayochora

Kompyuta inajaza nafasi kati ya pozi mbili ulizozipanga wewe. Ukiiachia kazi yote, mhusika anaelea kama yuko chini ya maji, na mwanafunzi wa wiki ya pili huligundua hilo kwa machozi.

Akademia, taasisi inayotoa Oscar, yenyewe inalijua. Masharti yake yanataka filamu ya katuni izidi dakika 40, uhuishaji uchukue angalau asilimia 75 ya muda wake, na mwendo utengenezwe fremu kwa fremu. Tangu 2010 masharti yanasema wazi kwamba kunasa mwendo wa mtu kwa vihisio, peke yake, hakuhesabiki kuwa uhuishaji. Happy Feet ilikuwa imeshabeba tuzo yake 2007, na ngoma ya pengwini wake ilinaswa kutoka miguuni mwa mcheza dansi Savion Glover. Mpaka leo sijaamua kama nilipaswa kukasirika.

Dhana: iliyoingiza fedha nyingi imeonewa

Inside Out 2 iliingiza karibu dola bilioni 1.7. Hiyo ndiyo tuzo yake, imeshaipata. Tuendelee.

Dhana: waliopiga kura ni mafundi wa katuni, kwa hiyo wanajua

Laiti. Kura ya mwisho inapigwa na wanachama wa Akademia wa kila fani: waigizaji, wahariri, wapambaji, watunzi wa muziki, watu wa mavazi. Wanaostahili kupiga kura ni zaidi ya 9,000, na wahuishaji ni sehemu ndogo ya hao. Tena kipengele hiki hakipangi chaguo la kwanza, la pili na la tatu kama kile cha Filamu Bora. Anayepata kura nyingi kuliko wenzake amechukua. Zikiwa filamu tano na kura zikagawanyika, mshindi anaweza kuondoka na asilimia ishirini na kitu. Kwa miaka yote tangu kipengele kianze, pale Shrek iliposhinda 2002, mpiga kura hakulazimika hata kuzitazama zote tano. Sharti la kutazama kila iliyoteuliwa kabla ya kupiga kura ya mwisho limeanza na tuzo za 2026. Umesoma vizuri: 2026.

Ndiyo maana anayeniambia “Akademia imesema” hanitikisi, na anayesema “Akademia imeiba” hanitikisi pia. Ukitaka kujua mafundi walipenda nini, tazama tuzo za Annie, zinazotolewa na chama cha watu wa fani yenyewe kule Hollywood. Mwaka 2015 Oscar ilikwenda kwa Big Hero 6. Annie ilikwenda kwa How to Train Your Dragon 2. Mwaka 2020 Oscar ikachukuliwa na Toy Story 4. Annie ikachukuliwa na Klaus, pamoja na BAFTA, tuzo ya filamu ya Uingereza. Hilo la Klaus bado linaniuma. Sergio Pablos na studio yake ya Madrid walichora kwa mkono, kisha wakaupaka mchoro mwanga na vivuli mpaka watu wakaapa kwamba ni kazi ya 3D. Miaka ishirini tumeambiwa mchoro wa mkono umezikwa, wao wakaufufua, na sanamu ikaenda kwa sehemu ya nne ya filamu iliyokuwa imemalizika vizuri kabisa kwenye ya tatu. Kama unatafuta dhuluma ya kulilia, lia hapo, nitakushika mkono.

Na 2025? Annie ya filamu bora ilikwenda kwa The Wild Robot. Flow ilipata ile ya filamu za kujitegemea. Kwa hiyo mwanafunzi wangu alikuwa na ushahidi mzito mezani na hakuugusa, akachagua manyoya. Mimi ningeipigia Flow hata hivyo. Ila angeniletea hiyo Annie, ningelazimika kukaa chini.

Dhana: katuni ni za watoto, basi wenye watoto ndio waamue

Persepolis, katuni ya watu wazima, iliteuliwa. Anomalisa, nayo ya watu wazima, iliteuliwa. Flee, hadithi ya mkimbizi wa Afghanistan, iliteuliwa 2022 kwenye vipengele vitatu kwa mpigo: katuni, filamu ya hali halisi na filamu ya kimataifa. Na usiku huo huo watangazaji wakapanda jukwaani kukitambulisha kipengele kama cha sinema ambazo watoto hurudia kuzitazama mpaka wazazi wachoke. Mwaka uliofuata mwongozaji Guillermo del Toro alipopokea tuzo ya Pinocchio yake, alisema pale pale jukwaani kwamba uhuishaji ni sinema. Nilisimama peke yangu sebuleni nikapiga makofi.

Nimesahau kusema tulimalizana vipi na yule wa manyoya. Nilimuuliza katika zile tano ametazama ngapi. Mbili. Vengeance Most Fowl, ile ya Wallace na Gromit, aliiona inapita kwenye orodha akadhani ni ya watoto wadogo. Memoir of a Snail ya Adam Elliot, ya vikaragosi vya udongo, hakuwahi kuisikia jina. Nikamtuma sekunde kumi zake, kutoka filamu anayoitaka yeye.

Alirudi baada ya siku nne na kurasa tatu za daftari. Alikuwa amechagua The Wild Robot, na msimamo wake haukusogea hata hatua moja. “Mwalimu, Roz hana mdomo,” akasema, akimaanisha yule roboti wa filamu. “Hana nyusi. Nimehesabu. Kichwa kinachelewa fremu sita nyuma ya kifua, halafu mwanga wa macho ndio unafuata, na mimi hapo nikalia. Paka wako ana masikio na mkia. Huyu ana nini?”

Sikuwa na jibu la haraka. Tulibishana mpaka darasa linalofuata likatutoa chumbani, na bado tunaendelea.